Hongera Maktaba ya Bunge la Marekani

Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoanzishwa Aprili 1800, ilitimiza miaka 225 mwaka 2025. Wengi wataisifu kwa vitabu vyake, na inastahili. Sisi tunaipongeza kwa mikanda ya sinema, hasa miwili inayosimulia kisa kimoja cha utumwa: *Uncle Tom's Cabin*, riwaya ya Harriet Beecher Stowe.

Wa kwanza, wa 1903, ni kazi ya Edwin S. Porter wa kampuni ya Edison. Ni filamu bubu, na Tom, mtumwa ambaye ni mhusika mkuu, ni Mzungu aliyepakwa masizi usoni. Mnada unakaribia kuanza, na watumwa wanacheza ngoma na kurusha dadu, kana kwamba kuuzwa ni sikukuu. Inachoma moyo kuitazama, na ndiyo maana tunashukuru kwamba ipo: asiyeamini dharau hiyo ajionee mwenyewe.

Filamu nyingi za enzi hizo zimepotea, kwa kuwa mikanda yake ilikuwa ya nitreti, ambayo huoza na hushika moto upesi. Lakini kabla ya 1912 sheria ya hakimiliki haikuitambua filamu, hivyo watengenezaji walichapa picha zake kwenye ukanda mrefu wa karatasi na kuzisajili kama picha za kawaida. Maktaba ilizihifadhi karatasi hizo kwa miongo. Baadaye zikapigwa picha upya, moja baada ya nyingine, na watu waliokuwa wamekufa zamani wakaanza kutembea tena. Waliofanya kazi hiyo ya kuchosha tunawavulia kofia.

Mkanda wa pili ni wa 1914. Humo Tom ni Sam Lucas, Mmarekani Mweusi aliyekwisha kumwigiza Tom jukwaani tangu 1878. Hatimaye mtu Mweusi akabeba nafasi kuu katika filamu ndefu ya Marekani, akiwa mzee. Hata hivyo Eliza na mumewe George wameigizwa na Wazungu, na Topsy, msichana mtumwa, ni Mzungu aliyepakwa masizi. Mwaka 1927 kampuni ya Universal ilitumia karibu dola milioni 2 kwa kisa hichohicho. James B. Lowe, Mweusi, akawa Tom, lakini Topsy akabaki Mzungu aliyepakwa masizi, safari hii Mona Ray.

Mwaka 2012 filamu ya Lucas iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, inayosimamiwa na Maktaba. Miaka 20 kabla yake, *Within Our Gates* ya Oscar Micheaux iliingia humohumo. Micheaux alikuwa Mweusi na kamera ilikuwa yake, jambo ambalo Lucas hakulipata. Nakala pekee ya filamu yake hiyo ilipatikana Hispania, na Maktaba ikairejesha katika hali ya kuonyeshwa.

Tunaiomba Maktaba izionyeshe filamu ya Porter, ya Lucas na ya Micheaux jioni moja, kwa mpangilio wa miaka, na jina la Sam Lucas litangulie kwenye tangazo.