Pentiboli: mtutu mrefu haufikishi kidonge mbali

Wakongo wanaoishi Marekani ao Kanada, wakialikwa na wenzao wa kazi kucheza pentiboli siku ya posho, hupewa haraka shauri moja: nunua mtutu mrefu, utapiga mbali. Shauri hilo ni kutupa feza.

Mchezo huu ulianza tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire. Watu 12 walitumia Nelspot 007, chombo kilichotengenezwa kwa kutia miti alama ya rangi. Leo viwanja vingi haviruhusu kidonge kipite futi 300 kwa sekunde, ni kusema karibu mita 91, na bunduki hupimwa kabla ya kuingia. Sasa, vidonge viwili vya uzito mmoja vikitoka kwa mwendo mmoja, vitaanguka karibu pahali pamoja. Kidonge hakijui kama kimetoka katika mtutu wa sentimita 25 ao 45.

Wengine watajibu kwamba bunduki ya askari yenye mtutu mrefu hupiga mbali. Ni kweli, lakini ile inasukumwa na baruti, na hakuna anayeipimia mwendo mlangoni. Tena ndani ya kidonge mna rangi ya majimaji, kwa hiyo mifuo ya kuzungusha risasi haisaidii sana hapa. Mtutu uliopindwa kama Flatline wa Tippmann unaongeza umbali kweli, kwani unazungusha kidonge kinyumenyume. Ila kinafika kimechoka, na mara nyingine kinadunda bila kupasuka.

Kulenga vizuri kunategemea zaidi upana wa tundu. Kidonge cha kawaida kina karibu milimita 17.3, lakini unyevu hukivimbisha. Kikilegea, hewa hupita pembeni na mwendo hubadilika kila mara. Kikibana, hupasuka ndani, na vinavyofuata huenda ovyo. Kupima ni rahisi: fungua mtutu kwenye bunduki, tia kidonge. Kisianguke chenyewe, lakini kitoke ukipuliza kwa kinywa.

Feza zinazobaki zinunue vidonge vipya na kinyago kizuri. Kwa mwendo wa mita 91 kidonge kinaweza kupofusha jicho. Mwenye kiwanja anayekodisha vinyago vilivyokwaruzwa huku akiuza mitutu ya bei kali, anapashwa kuulizwa kwanza juu ya vinyago hivyo.