Siku tatu mu maji si siku za kupotea

Ndugu wanachama wa koperative, wamama na wababa walimaji,

Msimu huu tulipita kwenye depo ya koperative moja siku ya kununua kosete za muhogo. Mama mmoja alileta magunia mbili, kosete nyeupe, kavu, za kupendeza macho. Tukamuuliza: muhogo huu ulilala siku ngapi ndani ya maji? Akacheka: «Siku moja tu. Agronome, muhogo ikilala siku tatu mu maji, na franga inalala nayo.» Mwenye mizani akapima, akalipa. Nyuma yake alikuwa mama mwingine, yeye aliloweka siku tatu kamili. Akalipwa bei ile ile.

Leo tunaandika juu ya ile bei moja, kwa sababu sisi tunaona hatari iko pale.

Tuanze na muhogo wenyewe. Muhogo mubichi, zaidi ya nusu yake ni maji. Ndani ya maji hayo mumeyeyuka kitu ambacho wataalamu wanaita linamarina: ni sukari iliyofungwa pamoja na sumu, sianidi. Muhogo muchungu unayo mingi, na wakati wa ukame inaongezeka tena. Pembeni yake, katika kuta za chembe za muhogo, kuna anzime, kitu chenye kazi ya kukata linamarina na kuachilia sumu. Muhogo ukiwa muzima, hivi viwili havikutani. Panya au nguruwe akitafuna, vinakutana, na sumu inatoka. Ni ulinzi wa mmea, na ndiyo maana walimaji wengi wanapenda muhogo muchungu: hata mwizi anauogopa.

Tunapoloweka, tunafanya kazi ile ile kwa faida yetu. Muhogo unachacha, unalegea, kuta zinapasuka, anzime inakutana na linamarina ndani ya maji. Sumu inaachiliwa: nyingine inabaki katika maji tunayomwaga, nyingine inapanda hewani, maana sianidi inachemka kwenye digri 26 tu. Lakini kazi hiyo inataka muda. Siku moja haitoshi. Siku tatu zinaondoa sehemu kubwa sana, na kule milimani kwenye baridi inaweza kuomba nne au zaidi. Kipimo ni kidole: muhogo ukiwa tayari, unaponda kwa mkono na nyuzi zinatoka zenyewe.

Wengine wanatuambia: «Jua litamaliza.» Hapana. Jua likikausha muhogo haraka, maji yanatoka kabla anzime haijamaliza kazi, na linamarina inabaki ndani ya kosete. Wengine: «Moto wa bugali utamaliza.» Hapana tena. Moto unaharibu anzime, na linamarina ambayo haijakatwa inapita mpaka kwenye sahani. Bibi zetu hawakuwa na jina la anzime, lakini walijua: sombe inatwangwa kwanza, ndipo inachemshwa muda murefu. Muhogo ni vilevile. Maji kwanza, jua na moto nyuma.

Ikifika mwilini, sianidi inazuia chembe za mwili kutumia hewa tunayopumua. Mwili unajitetea: unaigeuza kwa msaada wa sulfuri, halafu inatoka na mukojo. Ile sulfuri inatoka katika maharagi, samaki, mayai na nyama. Nyumba inayokula bugali ya muhogo na majani tu, siku kwa siku, haina silaha. Hapo ndipo inakuja konzo. Mtoto analala muzima, asubuhi miguu imekakamaa, na haitapona tena. Inapiga zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Jina hilo ni la Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu kule mwaka wa 1938.

Tusiseme ni mambo ya Kwango. Mwaka wa 2011 madaktari waliandika juu ya konzo hapa Kivu ya Kusini, kule Burhinyi. Na tusiseme inakuja na njaa peke yake. Kule Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta wanunuzi mpaka vijijini. Muhogo ukawa na soko, wamama wakapunguza kuloweka kutoka siku tatu mpaka moja, na konzo ikafuata. Watafiti walieleza hayo mwaka wa 1992. Soko, kitu tunachokitafuta sisi wote, ndilo lilikata zile siku.

Hapa tunakubali kosa letu. Sisi maagronome tumeleta vipando vinavyopinga mozaiki, tumehesabu tani, tumeandika ripoti. Ni mara ngapi tumeuliza juu ya siku za kuloweka? Na tukifika kuuliza, tunamlaumu mama. Lakini mama anajua hesabu yake. Maji ni mbali. Muhogo unaibiwa mtoni. Franga za shule zinaombwa Jumatatu. Na mizani inalipa siku moja sawa na siku tatu. Kumfundisha peke yake, bila kugusa bei, ni kumwomba alipe yeye afya ya watu wote.

Kwa hiyo tunaomba koperative zifanye mambo matatu. Kwanza, kaye ya ununuzi iwe na mustari wa siku muhogo ulipoingia mu maji na siku ulipotoka. Mwongo atakuwako, lakini majirani wanaonana mtoni. Pili, kosete za siku tatu zilipwe zaidi, hata kidogo, na za siku moja zikataliwe. Tatu, koperative ichimbe mabwawa ya kuloweka karibu, yenye mulinzi, kwa pesa ya wote. Bwawa linagharimu kidogo kuliko kinu.

Na kwa unga ambao tayari uko nyumbani, na hamujui ulilowekwa namna gani, iko njia rahisi: changanya unga na maji mpaka ulowane wote, utandaze mwembamba juu ya kitambaa au mkeka, usipite sentimetre moja. Acha saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu songa bugali siku ile ile. Maji yanaamsha anzime iliyobaki, sumu inapanda hewani. Kule Popokabaka wamama walifuata njia hii, na wakati wa kazi hiyo hakukuonekana mgonjwa mpya wa konzo. Weka na maharagi kando ya bugali, kila mara yakipatikana.

Muturudishie jibu: kwenu muhogo unalala siku ngapi, na mizani yenu inasema nini juu ya hizo siku? Yule mama wa nyuma, wa siku tatu, alipokea franga zake akatuuliza: «Sasa kesho nifanye namna gani?» Hatukuwa na jibu la kumpa. Jibu liko kwa komite zenu.