Msitu ni Msitu Hadi Uvuke Mpaka

Asimamaye kando ya Mto Suam, katika miteremko ya Mlima Elgon, huona mlima mmoja tu. Miti ya ng'ambo hii na ya ng'ambo ile hunyeshewa na wingu lile lile. Hebu basi tuchukue kipande cha ardhi cha hekta 0.6, chenye miti iliyokoma kukua ikiwa na urefu wa mita 3, ambayo matawi yake yanafunika asilimia 20 ya ardhi hiyo. Kikiwa Kenya, kipande hicho ni msitu. Kikiwa Uganda, hatua chache tu kutoka hapo, si msitu hata kidogo.

Hili si fumbo. Katika maelezo ambayo serikali zetu ziliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa kuhusu misitu na mabadiliko ya hali ya hewa, Kenya ilisema kwamba msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti ya mita 2 au zaidi, na matawi yanayofunika walau asilimia 15 ya ardhi. Uganda ilitaka hekta 1, mita 4 na asilimia 30. Tanzania iliridhika na nusu hekta, mita 3 na asilimia 10. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) nalo lina nusu hekta yake, mita 5 na asilimia 10. Nchi tatu na shirika moja, misitu minne.

Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini miongoni mwa miti. Jibu ni kwamba ugomvi huu si wa miti bali ni wa maana. Setilaiti ipitayo juu ya Elgon haioni msitu. Huona mwanga unaoakisiwa na majani. Neno "msitu" huletwa baadaye na binadamu aliyeketi ofisini, naye huleta lile alilofundishwa na sheria ya nchi yake. Hata Kiswahili chenyewe hakituokoi. Nchini Tanzania "pori la akiba" ni eneo lenye hadhi ya kisheria, linalolindwa kwa ajili ya wanyamapori. Kwetu Kenya pori ni pori tu, mahali ambapo mbuzi akipotea huenda asionekane tena.

Matokeo yake si madogo. Kwa kipimo cha Kenya, msitu uliofunika asilimia 90 ya ardhi unaweza kukatwa hadi ukabaki asilimia 16, na bado ukaandikwa kuwa msitu. Kwa kipimo cha Uganda, miti iliyotawanyika ikifunika asilimia 25 inaweza kufyekwa yote bila hekta hata moja ya msitu kutangazwa kuwa imepotea, kwa kuwa haikuwa msitu tangu awali. Kila nchi ina mahali pake pa kufichia uharibifu, na mahali hapo hapafanani. Kujumlisha hekta za nchi hizi mbili ni sawa na kujumlisha pishi za muuzaji mmoja na madebe ya mwingine.

Wala tusidhani mkanganyiko huanzia mpakani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kufikia na kudumisha miti katika walau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Ripoti ya rasilimali za misitu ya 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13, lakini misitu asilimia 8.83. Kwa hivyo mwanasiasa mmoja aweza kutangaza kwamba tumevuka lengo na mwenzake akalia kwamba hatujalifikia, na kila mmoja akashika ripoti ile ile mkononi. Wengi wetu tunaoandika magazetini tumeyachanganya maneno hayo mawili bila haya.

Mnamo Machi 2010 maporomoko ya udongo yalizika watu huko Bududa, upande wa Uganda wa mlima huu. Upande wa Kenya, baadhi ya maji ya Elgon huingia Mto Nzoia, ambao umewafurusha wakazi wa Budalang'i mara nyingi. Mtaalamu anayetaka kukadiria ni miteremko ipi iliyo hatarini anahitaji ramani moja ya miti, udongo na mwinuko wa mlima mzima. Aidha, fedha za kimataifa za kuhifadhi misitu hugawanywa kwa kufuata hesabu hizi hizi, na mstari wa ramani ndio huamua nani ni mkulima na nani ni mvamizi.

Je, mapatano yanawezekana? Umoja wa Ulaya, wenye lugha rasmi 24, ulipitisha mwaka 2007 sheria iitwayo INSPIRE, inayozitaka nchi wanachama zipange data zao za mazingira, katika mada 34, kwa namna zinazoweza kuunganishwa. Sheria hiyo haikuziamuru zikusanye data mpya. Iliziamuru zielewane kuhusu zilizopo. Hata hao hawakosi vituko. Mwaka 2003, daraja lililokuwa likijengwa Laufenburg kati ya Ujerumani na Uswisi lilikutwa na tofauti ya sentimita 54 kati ya kingo mbili. Wajerumani hupima mwinuko kutoka Bahari ya Kaskazini, Waswisi kutoka Mediterania. Tofauti ya sentimita 27 ilijulikana mapema, ila ilisahihishwa kinyume!

Hapa kwetu kazi hii ilikwisha kuanzwa. Katika miaka ya 1990 mradi wa Africover wa FAO, uliokuwa na ofisi Nairobi, ulianza kuchora ramani za nchi 10, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Wataalamu wake waliunda mfumo ambao haumlazimishi mtu kukubali neno la jirani. Mfumo huo huandika sifa kwanza: mimea ya aina gani, urefu gani, inafunika kiasi gani. Jina hufuata. Baadaye ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa.

Hekima ya njia hiyo wataielewa upesi wanaokumbuka historia ya Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi, na wasemaji wa Kimvita wakaambiwa, katika mji wao wenyewe, kwamba maneno yao si sanifu. Manung'uniko hayo hayajakwisha hadi leo. Kiwango kinachochagua neno la mmoja huwaacha wengine na kinyongo. Kinachoagiza vipimo viandikwe kinamwachia kila mtu neno lake.

Kwa hivyo sioni haja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kukesha ikibishana msitu ni nini. Kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali, kilichoanzishwa 1975, kiko Kasarani. Kipewe Elgon kwanza: kila kipande cha ardhi kiandikiwe tarakimu tatu, yaani ukubwa wake, urefu wa miti na asilimia iliyofunikwa, kwa tarehe moja, kutoka pande zote mbili za mlima. Nairobi na Kampala zitaandika juu yake majina zinayoyataka.