Ajira au Kibarua? Port Reitz Katika Vinywa vya Vyama

Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Methali hii, ijapokuwa imezoeleka masikioni, inafaa kukumbukwa kila mara mjadala wa kazi na uchumi unapopamba moto katika pwani ya Kenya. Fahali ni vyama vya siasa na miungano yao. Nyasi ni wakazi wa maeneo kama Port Reitz, wadi ya eneobunge la Changamwe iliyo kando ya hori lenye jina lilo hilo, jina la Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliyefariki mwaka 1824.

Ni sehemu chache nchini Kenya zilizobebeshwa miradi ya taifa kama pembe hii ya Mombasa Bara. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko hapa. Kituo cha pili cha makontena, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani na kuanza kazi mwaka 2016, kimetandazwa juu ya eneo la bahari lililofukiwa. Reli mpya ya SGR inafika hadi bandarini kuchukua mizigo. Kipevu kuna gati ya mafuta na mitambo ya umeme; Changamwe kuna matangi ya kilichokuwa kiwanda cha kusafishia mafuta; na ng'ambo ya hori, Dongo Kundu, kumetengwa eneo maalumu la kiuchumi. Pamoja na utajiri wote huo, vijana wanaosimama alfajiri kwenye malango ya maghala wakisubiri kuitwa si kitu kigeni machoni pa mkazi yeyote wa Port Reitz.

Kwa nini basi miradi ni mingi na kazi ni haba? Jibu moja, ambalo vyama vyote vinalikwepa, ni kwamba mjadala wenyewe umejengwa juu ya neno lisilopimwa. Kila jukwaa huahidi "ajira". Kinachofika mtaani aghalabu ni kibarua. Maneno haya mawili si visawe, na Kiswahili kilikwisha kuyatenganisha zamani. Ajira ni mapatano: kuna ujira unaojulikana, muda unaojulikana na haki zinazojulikana. Kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku yake ihesabiwe. Siku ikiisha, na mapatano yameisha.

Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Mombasa imewahi kuigomea. Mnamo Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli na nyumba za matajiri waliuacha mji ukiwa kimya kwa siku kadhaa, na katika mgomo huo kikazaliwa chama cha African Workers Federation, ambacho Chege Kibachia alikiongoza hadi serikali ya kikoloni ilipomkamata mwaka huohuo. Kiini cha malalamiko kilikuwa ujira mdogo na maisha ya kuishi kwa kubahatisha. Katika miaka ya 1950 wakoloni wenyewe walilazimika kuanza kuwasajili wafanyakazi wa bandari na kupunguza vibarua wa kutwa. Kenya huru nayo ikaandika jambo hilo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 37 kinaruhusu mfanyakazi wa kutwa aliyetumikishwa mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mwanasiasa wa kuitaja anapokata utepe.

Tepe, kwa kweli, zimekatwa nyingi, na tarehe zake zinasema mengi. Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, miezi miwili na siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Gati mpya ya mafuta ya Kipevu, iliyogharimu takriban shilingi bilioni 40, ilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Naye Gavana Hassan Joho wa chama cha ODM, mnamo Machi 2017, alizuiwa na polisi kufika Mtongwe ambako Rais wa Jubilee alikuwa akizindua upya huduma ya kivuko. Wiki zile zilijaa maneno makali juu ya nani aliyeleta mradi upi. Swali la ni watu wangapi wangepata kazi kivukoni, kwa mkataba gani na kwa miaka mingapi, halikupata nafasi katika zogo hilo.

Mfano wa reli unaonyesha vyema jinsi ulimi wa siasa unavyogeuka. Mnamo Agosti 2019 mamlaka za bandari na ushuru ziliagiza kwamba mizigo yote inayoingia nchini isafirishwe kwa SGR hadi Nairobi ikakaguliwe huko. Agizo hilo liliwagusa madereva wa malori na utingo wao, mawakala wa forodha, wenye maghala ya makontena, mafundi wa magereji na wapishi wa vibandani kutoka Changamwe hadi Miritini. Wafanyabiashara na wakazi waliandamana kila Jumatatu, na muungano wa Okoa Mombasa ukawa sauti ya malalamiko hayo. Mnamo Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba agizo lilikiuka katiba. Hatimaye, tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kurejeshwa kwa shughuli hizo Mombasa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: uamuzi huo ulikuwa wa manufaa kwa pwani. Lakini agizo la 2019 lilitolewa na serikali ambayo yeye mwenyewe alikuwa Naibu wa Rais. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo miwili ni kiti alichokalia, wala si hoja.

Upande wa pili nao haujasalimika. Kuanzia Agosti 2024, wanasiasa mashuhuri wa ODM waliingia katika baraza la mawaziri la Rais huyohuyo: Opiyo Wandayi akapewa Wizara ya Kawi, na Joho akapewa Wizara ya Madini na Uchumi wa Bahari. Waliokuwa wakihoji sera ya mafuta na umeme wakawa wasemaji wake. Kushirikiana si dhambi. Hata hivyo, mwananchi ana haki ya kuuliza: hoja zilizotolewa jana zilijibiwa, au zilifungiwa kabatini?

Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe ni funzo zito zaidi. Kilianzishwa mwaka 1960 na kampuni za Shell na BP, kikaanza kazi mwaka 1963, na serikali ikachukua nusu ya hisa mwaka 1971. Kwa muda mrefu kilikuwa miongoni mwa mahali ambapo kijana wa Mombasa Bara angeweza kuingia akiwa mwanagenzi na kustaafu akiwa fundi mkuu. Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa kwa ahadi ya kukifanya upya. Ukarabati haukuja, kwani hesabu zilionyesha kuwa gharama yake isingerudi. Mnamo Septemba 2013 usafishaji ukakoma, Essar ikajiondoa, na mwaka 2016 serikali ikanunua hisa zake kwa dola milioni 5. Mwaka 2023 mali hiyo ikawekwa chini ya Kampuni ya Mabomba ya Mafuta, matangi yakitumika kama ghala.

Nani alaumiwe? Kila upande una kidole cha kunyooshea mwenziwe. Lakini mwaka Essar ilipoingia, Kenya ilitawaliwa na serikali ya muungano ambamo Mwai Kibaki alikuwa Rais, Raila Odinga Waziri Mkuu, Uhuru Kenyatta Waziri wa Fedha na William Ruto Waziri wa Kilimo. Mahasimu wote wa miaka iliyofuata waliketi meza moja. Aidha, haifai kudai kuwa kiwanda kilifungwa kwa hila tupu. Mitambo yake ilikuwa imezeeka, na kampuni zilizolazimishwa kusafishia mafuta hapo zililalamika kwa miaka kwamba bidhaa zake zilikuwa ghali kuliko zilizosafishwa ng'ambo. Kosa la viongozi halikuwa kukubali hesabu. Kosa lilikuwa kuufunga mlango mmoja wa ajira bila kuufungua mwingine, na kuendelea kuahidi majukwaani kama kwamba hakuna kilichofungwa.

Kwa upande wa umeme, hali ni ya kutatanisha vilevile. Mitambo ya Kipevu huchoma mafuta, na umeme wake ni ghali ukilinganishwa na wa mvuke wa Olkaria. Mtambo wa pili wa Kipevu, uliokuwa wa kampuni ya kibinafsi, ulifikia mwisho wa mkataba wake wa miaka 20 mwaka 2021. Mwenye kiwanda na mama wa nyumbani wana sababu ya kufurahi mafuta yanapopunguzwa. Fundi wa Kipevu ana sababu ya kuhuzunika. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee ilitangaza kwamba ingeongeza megawati 5,000 katika miezi 40, na mpango huo ulijumuisha mtambo mkubwa wa gesi katika eneo la Dongo Kundu. Miezi 40 ilipita, na mtambo huo haukujengwa. Mnamo Februari 2023 Rais Ruto aliweka jiwe la msingi la ghala la gesi ya kupikia la kampuni ya Taifa Gas ya Tanzania katika eneo hilohilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ghala la gesi, kwa maumbile yake, huhitaji mikono mingi linapojengwa na michache linapofanya kazi. Mwenyeji aelezwe hayo mapema, asije akapona kwa mwaka mmoja akaugua kwa ishirini.

Wapo watakaosema kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba kibarua cha miezi sita ni bora kuliko kukaa barazani. Hoja hiyo ina uzito, na haipaswi kudharauliwa na mtu aliyeshiba. Kibarua kimesomesha watoto wengi wa Mombasa. Hata hivyo, anayepewa kibarua huku akiambiwa ni ajira hunyang'anywa nafasi ya kujipanga. Atakopa kama mwajiriwa, atapanga nyumba kama mwajiriwa, kisha kibarua kitaota nyasi na deni litabaki.

Kinachotakiwa basi si vyama kuacha kushindana. Ushindani ndio uhai wa demokrasia, na serikali isiyoulizwa hulewa. Kinachotakiwa ni mashindano yahamie kwenye maswali yenye majibu ya kuhesabika. Mradi utaajiri wangapi wakati wa ujenzi, na wangapi baada ya utepe kukatwa? Ni wangapi kati yao watakuwa na mkataba, na ni ufundi gani ambao vijana wa Changamwe, Likoni na Kisauni wafundishwe kabla mitambo haijafika? Je, nani atapoteza riziki, mathalani mvuvi wa hori ambaye mwaka 2005 alishuhudia mafuta ya meli ya Ratna Shalini yakiingia mikokoni, naye atafidiwaje? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa mwananchi uwezo wa kudai majibu hayo kwa maandishi. Mkazi wa Port Reitz akiyashika mkononi, hatakuwa na haja ya kuuliza msemaji amevaa rangi gani.

Ahadi ni deni, nalo deni halilipwi kwa ahadi nyingine. Kabla ya wimbi lijalo la kampeni kufika kwenye viwanja vya Changamwe, wasikilizaji na wajiandae na swali moja fupi kwa kila atakayepanda jukwaani, wa serikali na wa upinzani: hiyo uliyoileta, bwana mkubwa, ni ajira au ni kibarua?