Namba ya Ngazi Haitoshi

Agosti 2022 kampuni ya simu ya TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Sasa mwongoza watalii wa huko anaweza kusoma Kijerumani kwenye simu wageni wakishalala. Bando analo, kazi ni kujua anunue kozi ipi.

Kwenye lugha amerahisishiwa. Kipimo cha Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, kinaeleza mtu wa kila ngazi anaweza kufanya nini. A1 inatosha kumkaribisha mgeni pale lango la Marangu. Lakini saa nane za usiku kambini Kibo mgeni ameshika kichwa, na inabidi aulizwe ametapika mara ngapi, amemeza dawa gani, akisimama anapepesuka au la. Hapo mwenye A1 atabaki kuonyesha kwa vidole. Kazi hiyo inadai B1, tena B1 ya kweli.

Kozi nyingine ndizo zenye vurugu. Mhasibu wa SACCOS hapo Moshi mjini akinunua kozi ya Excel iliyoandikwa "ngazi ya juu", jina hilo mara nyingi amelitoa muuzaji mwenyewe. Namba nazo ni mtego. Kwetu Tanzania ngazi ya 4 ya NTA, mfumo wa tuzo za vyuo vya ufundi, ni cheti cha awali anachosomea aliyemaliza kidato cha nne. Ngazi ya 4 ya Uingereza inalingana na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Hata kwa VETA, mamlaka ya ufundi stadi, katika majaribio ya ufundi ya zamani Greidi III ndiyo ilikuwa ya kuanzia na I ndiyo kilele; mfumo wa sasa unaanza I na kupanda hadi III. Fundi mzee na mwanagenzi wake wote wakisema "nina moja", mmoja ni bingwa, mwingine ndiyo kwanza anashika spana.

Waajiri nao wana lawama: wanahesabu vyeti bila kuuliza mwenye navyo anaweza nini, basi watu wanakimbilia neno "juu". Mimi ningeanzia mwisho. Kabla ya kulipa, omba kuona zoezi la mwisho la kozi, ulijaribu. Ukilimaliza kirahisi, hela yako kaa nayo. Usipoelewa hata swali, shuka ngazi moja. Ila kozi ya huduma ya kwanza ya mlimani isiyo na hata siku moja ya kufunga mtu bandeji mbele ya mwalimu, hiyo ni nadharia tu, iandikwe ngazi yoyote.