Kapera wa Ngoye atafutiwa mchumba kwa ndege

Kama u mzima na mambo ya kodi umeshamalizana na mwenye nyumba, kaa mkao wa kula. Leo nakuletea kisa cha kapera mmoja wa Afrika Kusini ambaye kwa zaidi ya miaka mia moja hajapata mke. Si kwamba anaringa, wala si kwamba hana mshiko. Kapera mwenyewe ni mti.

Ewe unayetaka kugeuza ukurasa, subiri kwanza. Na wewe utaguswa huko mbele.

Mtapo unaujua. Ni ule mmea mnene, mfupi, wenye majani magumu kama makuti, unaopandwa kwenye bustani za hoteli na mbele ya nyumba za wenye nazo. Wengi wetu tunadhani ni mnazi uliodumaa. Sivyo kabisa! Ukoo wa mitapo ulikuwepo duniani kabla ya dinosaria. Na kama ilivyo kwa mpapai, kuna mtapo dume na mtapo jike. Dume hutoa chavua, jike hubeba mbegu. Wasipokutana, hakuna mtoto.

Basi bwana, mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood alikuwa akizunguka pembeni mwa msitu wa Ngoye, huko Zululand. Kwenye mteremko mkali akakuta mtapo ambao hakuwahi kuuona, wenye mashina manne. Ulikuwa dume. Watu wakatafuta mwingine wa aina hiyo, wapi! Machipukizi yakachukuliwa, mengine yakapelekwa Durban, na mwaka 1899 moja likafika bustani ya Kew, London. Mwaka 1916 shina la mwisho likang'olewa msituni lisije likapotea. Tangu hapo huko porini hakuna hata mmoja.

Mti huo unaitwa Encephalartos woodii, kwa heshima ya huyo Wood. Leo upo kwenye bustani nyingi za dunia, lakini yote ni machipukizi ya mti ule ule mmoja. Yaani ni dume mmoja aliyejigawa. Kule Kew alikaa zaidi ya miaka mia, na mwaka 2004 ndipo akatoa koni yake ya kwanza, kitu kama nanasi refu la rangi ya machungwa. Kapera kavaa suti, bibi harusi hayupo!

Wataalamu wamejaribu kumpa ndugu wa karibu, mtapo aina ya natalensis. Watoto wamepatikana, ila ni chotara. Damu yake halisi haijaendelea.

Ndipo wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Mwaka 2022, na tena mwaka 2024, waliurushia msitu wa Ngoye vile vindege visivyo na rubani, yaani droni. Zikapigwa picha zaidi ya 15,000, na kompyuta ikafundishwa kumtambua mtapo kwa kumtazama kutoka juu. Jibu? Jike hakuonekana. Lakini msikate tamaa, maana sehemu iliyokaguliwa haifiki asilimia 2 ya msitu wenye ekari karibu 10,000.

Hapo ndipo swali linapokuja. Ukiwa na msitu mkubwa hivyo, unaanzia wapi? Na siku ukipata miche, unaipanda wapi?

Jibu ni lile lile la bibi zetu: tafuta mshenga. Mshenga mzuri hakurupuki. Anauliza kwanza, ukoo huu hukaa wapi, wanapenda nini, kipi hawakiwezi. Siku hizi kazi hiyo ya ushenga inafanywa na ramani.

Inakwenda hivi. Unachukua sehemu zote ambazo mmea unajulikana kuwepo. Kila sehemu unaandika: imeinuka kiasi gani kutoka usawa wa bahari, mteremko wake ni mkali au wa wastani, unatazama kusini au kaskazini, mwamba gani uko chini, mvua inanyesha kiasi gani na miezi ipi, baridi inafika wapi. Unaipa kompyuta. Nayo inapekua eneo zima, inakuambia: hapa panafanana sana na kwao, hapa kidogo, hapa hapafai kabisa. Unapata ramani yenye rangi, kama ile ya hali ya hewa kwenye televisheni.

Ila ramani haikuambii mmea upo. Inakuambia ungeweza kuishi hapo. Kuhakikisha ni lazima uvae buti, ukapande kilima mwenyewe. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Afrika Kusini hawakuishia kwenye maneno. Wanao mtapo mwingine, Encephalartos latifrons, wa huko jimbo la Eastern Cape karibu na Bathurst, mji unaosifika kwa mananasi. Huyu wanawake anao, wanaume anao. Kasheshe yake ni nyingine: porini haifiki miti 100, na imesambaa mno. Dume yuko kilima hiki, jike yuko shamba lile kule, chavua haifiki. Mapenzi ya mbali, unayajua mwenyewe! Imebidi watu wawe wanabeba chavua kwa mikono yao kutoka dume hadi jike ili mbegu zitunge.

Mwaka 2011 serikali ya huko ilitoa mpango rasmi wa kuuokoa mti huo, na mwaka 2018 watafiti wakachapisha kazi ya kuchora ramani ya sehemu unazoweza kuishi. Faida yake ni kubwa. Ukijua vilima vinavyoufaa, unaweza kupanda miche mingi pamoja, madume na majike jirani, ili siku moja wajitegemee bila kusubiri mtu na kopo la chavua. Ukipanda kwa kubahatisha, umetupa mbegu. Na mtapo si mchicha. Hukua taratibu mno, kosa lako la leo litaonekana wewe ukiwa mzee.

Sasa sikiliza balaa. Ramani ile ile inayomwongoza mganga inaweza kumwongoza mwizi. Mitapo hii ina bei kubwa kwa matajiri wanaoikusanya kama wengine wanavyokusanya magari. Mwaka 2014 wezi waliingia bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, wakaondoka na mitapo 24, mingi yake aina hiyo hiyo ya latifrons. Bustanini, penye uzio na walinzi! Sembuse porini? Ndiyo maana wataalamu hawatangazi mahali miti ilipo, na mingine imetiwa vidude vya utambulisho ndani ya shina ili ikiibwa ijulikane.

Nilikuambia na wewe utaguswa. Huku kwetu pwani, kuanzia kusini mashariki mwa Kenya hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania, tunao mtapo wetu, Encephalartos hildebrandtii. Bado haujafika hali ya yule kapera. Lakini nina mshikaji wangu mmoja, jina namsitiri, aliyehamia nyumba mpya akataka mbele ya mlango paonekane bomba. Akanunua mtapo mnene kama pipa kutoka kwa kijana wa barabarani. Bei poa. Tukausifia sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku moja nikamuuliza yule kijana kwa utani, "Bwana mdogo, huu umeotesha mwenyewe?" Akacheka. "Kaka, huu umri wake unamzidi babu yangu. Tumeung'oa msituni."

Miezi michache baadaye ukakauka. Mizizi ilikatwa vibaya. Mshikaji akautupa jalalani, akaweka sanamu ya simba. Mimi sikusema neno, maana na mimi niliusifia. Lakini tangu nisome kisa cha Ngoye sina raha. Je, kama ulikuwa jike wa mwisho kwenye kile kilima chake? Dume wake aliyebaki huko atamngoja nani?

Kwa hiyo msomaji wangu, ukitaka mtapo, uliza kwanza umetoka wapi. Chukua mche mdogo uliooteshwa kwa mbegu kitaluni, ukue nao taratibu. Ukiletewa mnene wa bei poa, na muuzaji anatazama pembeni, jua huo umeng'olewa kwao. Maana kuchora ramani ya kumrudisha aliyepotea ni kazi ya miaka, droni na kompyuta. Kumwacha pale alipo ni bure.

Na yule kapera wa Ngoye bado anangoja. Asilimia 98 ya msitu haijatazamwa kutoka juu. Tumwombee.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Makapera wa mjini, ninyi visingizio vyenu havipo!