Shabaha ni Mazoezi

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Hata hivyo, nyati wa Tsavo akivamia mashamba ya chini ya Wundanyi, askari wa wanyamapori huenda akalazimika kufyatua risasi. Bunduki nyepesi humfaa apandaye vilima, lakini hutikisika upesi mikononi, na mtutu wake mwembamba huwahi kupata moto.

W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki nyepesi. Simsifu kwa mauaji yale. Nasema tu kwamba alijua pa kulenga.

Naam, askari wetu wapewe risasi za kutosha za kufanyia mazoezi. Nyati aliyejeruhiwa humlipiza mkulima asiye na hatia.